Shule au Kujifundisha Mwenyewe: Mwongozo Kamili kwa Anayetaka Kazi ya Athari za Kuona katika Filamu

Athari za kuona ni kazi ya kutengeneza kwa kompyuta moto, mvua, umati, jengo au kiumbe ambacho hakikuwepo mbele ya kamera. Katika kazi hii, swali la kusoma shuleni au kujifundisha nyumbani hujadiliwa kana kwamba ni suala la imani: wapo vijana wanaoapa kwamba vyeti havina maana, na wapo wazazi wasiotaka kusikia habari ya kazi isiyo na mahafali. Mifano ipo pande zote mbili. Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, aliyetoa filamu ya mapambano ya Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, alijifunza mwenyewe kuweka milipuko na helikopta katika picha kwa kutumia kompyuta alizoziunganisha kutokana na vipuri vikuukuu. Ng'endo Mukii wa Nairobi, mmoja wa waongozaji wa mkusanyiko wa filamu fupi za uhuishaji wa Kizazi Moto uliotolewa na Disney+ mwaka 2023, alipitia Rhode Island School of Design nchini Marekani na Royal College of Art jijini London. Wote wawili wamefika mbali, na hakuna kati yao anayethibitisha kwamba njia yake ndiyo itakayokufaa wewe.

Mwongozo huu unalishika swali kwa mkono mwingine. Shule huuza vitu vitano kwa bei moja: utaratibu wa kujifunza, mtu wa kukusahihisha, vifaa, wenzako wa darasani, na karatasi, yaani cheti. Kazi yako ni kuvitenganisha vitu hivyo, kuona ni vipi unavyo tayari au unaweza kuvipata kwa gharama nafuu, kisha kulipia vile vilivyobaki tu.

Hatua ya kwanza: Chagua fani ndani ya fani

Huwezi kupima thamani ya shule kabla ya kujua unataka kufanya nini hasa. Studio kubwa za London, Vancouver, Montreal na Mumbai hugawa kazi vipande vidogo: yupo anayefuatilia mwendo wa kamera ili kitu cha kompyuta kikae mahali pake bila kuelea, yupo anayekata umbo la mwigizaji fremu kwa fremu, yaani katika kila picha moja moja inayounda video, yupo anayejenga maumbo, anayeyapaka ngozi na kutu, anayeweka mwanga, anayeiga moshi na maji, na mwishoni yupo mtu wa kompoziti, ambaye huunganisha tabaka zote ziwe picha moja inayoaminika. Studio ndogo zinazotengeneza matangazo na video za muziki Nairobi, Dar es Salaam au Kampala hutaka mtu mmoja anayeweza karibu yote hayo kwa kiwango cha wastani.

Fani hizi hazidai elimu ya aina moja. Anayetaka kuiga moto, mawimbi na kubomoka kwa majengo atakutana na vekta, fizikia na lugha ya kuandikia programu ya Python kila siku, na kwake shahada ya sayansi ya kompyuta au hisabati, hata kutoka chuo kisicho na darasa moja la filamu, ni mtaji mkubwa. Ndiyo maana chuo kama Bournemouth cha Uingereza, ambacho kina kituo maalumu cha uhuishaji wa kompyuta, huwafundisha wanafunzi wake wa upande huo kuandika programu pamoja na kutengeneza picha. Kompoziti, kwa upande mwingine, inadai jicho: kujua kivuli cha saa kumi jioni kina rangi gani, lenzi inafifishaje kilicho nyuma, na vumbi linapunguzaje weusi wa mlima ulio mbali. Jicho hilo linanolewa kwa kupiga picha na kutazama, na unaweza kulinoa Mwanza kama unavyoweza kulinoa Los Angeles. Uhuishaji wa viumbe uko katikati, kwa sababu makosa yake ni magumu kuyaona mwenyewe hata baada ya miaka.

Kuhusu kukata maumbo fremu kwa fremu, ushauri wangu ni mkali kidogo: jifunze, kwa kuwa ndio mlango ambao wengi wameingilia, lakini usilipe ada kubwa kwa kozi iliyojengwa juu yake. Kazi hiyo kwa miaka mingi imepelekwa kwa wingi India, na sasa programu zenyewe zimeanza kuifanya kwa akili bandia.

Hatua ya pili: Jaribu kabla ya kulipa

Jipe miezi mitatu hadi sita ya kujaribu kwa zana za bure kabla ya kusaini fomu yoyote ya chuo. Zana si kikwazo tena. Blender, programu ya kujenga na kuhuisha maumbo iliyowekwa huru kwa umma mwaka 2002, ni bure kabisa hata kwa kazi ya kulipwa, na filamu ya uhuishaji ya Flow kutoka Latvia, iliyotengenezwa kwa programu hiyo, ilishinda tuzo ya Oscar mwaka 2025. DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, ina toleo la bure lenye sehemu ya Fusion kwa ajili ya kompoziti. Nuke, ambayo ndiyo programu ya kompoziti ya studio kubwa, ina toleo la bure lisiloruhusiwa kwa biashara, ambalo ukubwa wa picha yake unaishia 1920 kwa 1080. Houdini, inayotawala katika uigaji wa moto na maji, nayo ina toleo la wanafunzi lisilolipiwa, lenye alama juu ya picha.

Usianze kwa mlipuko. Anza na zoezi moja dogo lenye kila kitu ndani yake: piga kwa simu video ya sekunde 5 ukitembea polepole kuelekea meza, fuatilia mwendo wa kamera, weka juu ya meza kikombe cha kompyuta, kipe mwanga unaofanana na wa chumba, kiwekee kivuli, kisha kiunganishe na video. Kikombe kikiteleza, ufuatiliaji wako ni mbovu. Kikionekana kimebandikwa, mwanga au ukungu wa lenzi una kasoro. Kikionekana kisafi kuliko chumba, umesahau chembechembe za kamera, ile chengachenga inayoonekana kwenye picha. Ukitaka picha zilizopigwa kwa kamera ya kitaalamu, taasisi ya Blender iliwahi kutoa kwa umma picha ghafi za filamu yake fupi ya mwaka 2012, Tears of Steel, zikiwemo za skrini ya kijani, yaani kitambaa kinachowekwa nyuma ya mwigizaji ili kiondolewe baadaye, na yeyote anaweza kuzipakua na kuzifanyia mazoezi.

Jambo moja la kiufundi linawahusu sana wanaoishi mahali umeme unapokatika. Video ya sekunde 5 kwa fremu 24 kwa sekunde ina fremu 120. Kompyuta yako ikichukua dakika 6 kukokotoa kila fremu, utahitaji saa 12. Usiielekeze programu iandike faili moja la video, kwa sababu umeme ukikatika saa ya kumi na moja utapoteza yote. Ielekeze iandike picha moja moja zenye namba. Umeme ukirudi unaendelea pale ulipoishia. Hivyo ndivyo studio zenyewe zinavyofanya, hata zile zisizojua mgao wa umeme ni nini. Na weka nakala ya pili ya kazi zako kwenye diski nyingine. Nabwana alilazimika kufuta mafaili ya filamu yake ili apate nafasi ya kutengeneza inayofuata, na leo filamu ile inatazamwa katika nakala yenye sauti ya msimulizi juu yake tu, kwa sababu nakala halisi haipo tena.

Mwishoni mwa kipindi hiki jiulize maswali mawili. Je, ulikaa mbele ya kompyuta bila mtu kukusukuma? Na je, uliporudia zoezi lile lile mara ya tatu, uliweza kutaja kwa maneno kilichokuwa kibaya katika mara ya pili? La kwanza linahusu utaratibu, la pili linahusu kusahihishwa. Majibu yake yatakuambia zaidi kuliko brosha ya chuo chochote.

Hatua ya tatu: Pima vitu vitano, kimoja kimoja

Utaratibu ndio kitu rahisi zaidi kukipata nje ya shule. Mihtasari ya kozi za vyuo vingi iko wazi kwenye tovuti zao, na unaweza kuifuata wiki kwa wiki. Asiyeweza kujitawala, hata hivyo, asione aibu kulipia ratiba. Wapo watu wenye kipaji waliokaa miaka wakitazama video za mafunzo bila kumaliza shoti, yaani kipande kimoja cha filamu, hata moja.

Kusahihishwa ndicho kitu cha thamani kubwa kuliko vyote, na ndicho wanaojifundisha hukikosa zaidi. Katika studio, kila siku au karibu kila siku, msimamizi hukaa na wasanii na kukagua shoti zao kwenye skrini kubwa, akisema kwa kifupi kipi kibadilike. Anayejifundisha hupata sifa za marafiki, ambazo hazimsaidii. Njia za kuziba pengo hili zipo: kozi za mtandaoni za wiki chache zinazofundishwa na wasanii walio kazini, ambazo gharama yake ni sehemu ndogo tu ya ada ya mwaka wa chuo cha nje, kumlipa msanii mzoefu kwa saa moja ya ukaguzi kila mwezi, au kukusanyika watu wanne au watano wanaokubaliana kusemana ukweli. Ikiwa utalipia kitu kimoja tu katika safari hii, kiwe hiki.

Vifaa havihitaji maelezo marefu. Kompyuta ya mezani yenye memori ya gigabaiti 32 na kadi ya michoro ya NVIDIA yenye gigabaiti 8 inatosha kujifunzia karibu kila kitu, na mashine ya mezani iliyotumika hukupa nguvu zaidi kwa fedha ile ile kuliko laptopu mpya. Chuo kinachojisifu kwa maabara kitazame kwa tahadhari, kwa kuwa maabara hufungwa jioni, na ujuzi huu hujengeka usiku.

Wenzako wa darasani hudharauliwa katika mjadala huu, na kudharau huko ni kosa. Filamu ya Everything Everywhere All at Once, iliyoshinda Oscar ya filamu bora mwaka 2023, hutajwa mara nyingi kama ushindi wa waliojifundisha, kwa sababu athari zake nyingi zilifanywa na kikundi cha watu wapatao watano ambao hawakusomea athari za kuona na waliojifunza kwa video za bure za intaneti. Hilo ni kweli, lakini wanaolinukuu husahau kwamba watu wale walikuwa marafiki, wakifahamiana kabla ya filamu hiyo kuwepo. Ujuzi waliupata bure. Kufahamiana kulichukua miaka. Asiyekwenda shule lazima ajenge kundi lake kwa makusudi, na mahali pazuri pa kuanzia ni kwa waongozaji wachanga wa mjini kwake wanaopiga filamu fupi na video za muziki na wasio na mtu wa kuwafutia nyaya na maikrofoni kwenye picha.

Karatasi nitaizungumzia peke yake hapo chini, kwa kuwa ina sheria zake.

Hatua ya nne: Ukichagua shule, ikague kama mnunuzi

Kwanza hakikisha inatambulika. Kenya, vyuo vikuu huidhinishwa na CUE na vyuo vya ufundi na TVETA; Tanzania ni TCU na NACTVET; Uganda ni NCHE. Nairobi ipo ADMI (Africa Digital Media Institute), na shule za aina hiyo zinazofundisha filamu, uhuishaji na michezo ya kompyuta. Uliza kila moja maswali yale yale.

Omba kutazama rili za wahitimu wa mwaka uliopita, yaani zile video fupi zinazokusanya kazi bora za mtu. Usiridhike na rili moja nzuri inayowekwa kwenye tangazo, kwa sababu mwanafunzi huyo pengine angefaulu popote. Tazama rili za wanafunzi wa kati. Uliza walimu wako kazini au waliacha studio lini, kwa kuwa programu na mbinu hubadilika haraka. Uliza ni saa ngapi kwa wiki mwalimu hukaa na mwanafunzi mmoja na kumkosoa. Uliza chuo kinafundisha programu gani, na ukisikia jina moja tu likirudiwa, uliza pia kama kinafundisha kanuni za mwanga, rangi na kamera, ambazo hazibadiliki programu inapobadilika.

Suala la mkopo lipewe uzito wake. Mwezi Februari 2013 studio ya Rhythm & Hues ya California iliomba ulinzi wa kufilisika, na ndani ya mwezi huo huo kazi yake ya kumtengeneza chui-milia wa filamu ya Life of Pi ikashinda Oscar. Februari 2025 kampuni ya Technicolor, mmiliki wa studio maarufu ya MPC, ilianguka na kuwaacha maelfu bila kazi. Hii ni sekta ambamo ubora wa kazi haulindi ajira, na kwa hiyo deni la ada linalohitaji mshahara wa London ili lilipike ni hatari ambayo mimi singemshauri kijana yeyote wa familia ya kawaida aibebe. Afadhali shahada ya umma ya nyumbani, katika kompyuta, sanaa au usanifu majengo, na kujifundisha athari za kuona jioni na wikiendi. Mchanganyiko huo hauna sifa za kujitapia, lakini kwa wasomaji wengi wa mwongozo huu ndio chaguo bora, na unamaliza pia ule ubishi wa mezani kuhusu mahafali.

Hatua ya tano: Ukichagua kujifundisha, jiwekee mwaka na nusu

Miezi sita ya kwanza iwe ya msingi: upigaji picha kwa kuipanga kamera mwenyewe, mtazamo wa umbali katika uchoraji, rangi, ufuatiliaji wa kamera, kuondoa skrini ya kijani, na kutengeneza mwanga. Miezi sita inayofuata iwe ya fani moja uliyoichagua, ukiambatanisha Python ya kiwango cha kuandika programu ndogo inayobadilisha majina ya mafaili mia moja. Miezi sita ya mwisho iwe ya kazi za watu wengine: shoti za filamu fupi, tangazo la duka, video ya msanii. Kazi ya mtu mwingine ina tarehe ya mwisho, ina mwongozaji anayebadilisha mawazo, na ina picha iliyopigwa vibaya ambayo lazima uiokoe. Hayo hayafundishwi na video yoyote.

Ipo pia njia ya tatu ambayo watu huisahau, nayo ni kufundishwa kazini. Mfululizo wa watoto wa Tinga Tinga Tales ulitengenezwa Nairobi mwishoni mwa miaka ya 2000, na vijana wa Kenya waliouhuisha walijifunza mengi ndani ya studio yenyewe. Studio ya eneo lako ikitangaza nafasi ya msaidizi, hata wa kupanga mafaili, itafakari kwa uzito kuliko muhula mmoja wa chuo. Usikubali tu kufanya kazi bure bila kikomo. Tajeni tarehe ya mwisho wa mafunzo tangu siku ya kwanza.

Hatua ya sita: Tengeneza rili inayojibu maswali

Mwajiri hutazama rili kabla ya kusoma elimu yako, na mara nyingi haimalizi. Iwe na dakika moja hadi moja na nusu. Weka shoti bora kwanza, ya pili kwa ubora mwishoni, na uondoe yoyote unayoitetea kwa kusema ilikuwa ya zamani. Baada ya kila shoti onyesha kwa sekunde chache mchanganuo wake, kuanzia picha ghafi hadi tabaka la mwisho, ili ionekane wazi kipi ulikifanya. Kama mlikuwa wengi, andika sehemu yako chini ya picha: kujipa kazi ya mwenzako ni kosa lisilosahaulika, na wasanii wa fani hii wanajuana. Achana na shoti zinazotokana na somo maarufu la mtandaoni bila mabadiliko, maana msimamizi ameshaziona mara nyingi. Mnada wa samaki wa Feri, Dar es Salaam, wenye boti ambayo haikuwepo, ikiwa umeuunganisha vizuri, utakumbukwa kuliko roboti la kumi na moja la siku hiyo.

Hatua ya saba: Fahamu mahali karatasi inapohitajika kweli

Ndani ya Afrika Mashariki, na kwa kazi za kujitegemea zinazofanywa kwa mtandao, ni nadra mteja kuuliza shahada. Hali hubadilika unapotaka kuhamia nje, kwa sababu anayeuliza karatasi si studio bali ni serikali. Viza ya kazi ya H-1B ya Marekani inadai shahada au kinacholingana nayo, na katika kulinganisha huko miaka 3 ya uzoefu huhesabiwa sawa na mwaka 1 wa chuo. Maana yake asiye na shahada ya miaka 4 anaweza kutakiwa kuonyesha miaka 12. Kanada, ambako studio nyingi zilivutwa na unafuu wa kodi wa British Columbia na Quebec, hutoa kibali cha kufanya kazi baada ya masomo kwa wahitimu wa vyuo vinavyostahili tu, na shule nyingi binafsi za ufundi hazimo, zikiwemo zenye majina makubwa katika fani. Mwanafunzi anaweza kulipa ada kubwa, akahitimu vizuri, kisha akalazimika kurudi nyumbani bila kufanya kazi siku moja. Kabla ya kulipa hata amana, tafuta jina la chuo na la kozi kwenye tovuti ya uhamiaji ya nchi husika, wala usitegemee neno la wakala. Kanuni hizi hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo rudia kuangalia mwezi wa kulipa.

Aliyejifundisha naye ajitengenezee karatasi zake tangu kazi ya kwanza. Dai mkataba hata kama ni wa ukurasa mmoja, weka risiti za malipo, omba barua inayotaja tarehe ulizofanya kazi na cheo ulichokuwa nacho, na hakikisha jina lako limeandikwa katika orodha ya mwisho wa filamu kwa tahajia ile ile iliyo kwenye pasipoti. Mwanasheria wa uhamiaji atakapotaka ushahidi wa miaka ile, mwongozaji uliyemfanyia kazi huenda atakuwa amebadilisha simu na kufunga kampuni.